Wifi Yangu na Meno ya Kifaransa

Wifi yangu hajawahi kunisamehe kitu bila kunisema kwanza, na mimi sijawahi kumpenda mtu kwa utulivu, kwa hiyo mkisikia tunagombana msikimbilie kuamua ugomvi. Ndivyo tulivyo. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, anaishi nasi, kachukua chumba cha mbele kinachotazama barabara, na humo anashona mapazia. Ukipita dirishani utamwona: miwani puani, futi shingoni, kitambaa kimetapakaa sakafu nzima, na pini zimejipanga midomoni. Ukimsalimia atakuitikia kwa pua.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Si daktari, daktari anang'oa, mimi narudisha. Karakana yangu iko nyuma ya kliniki ya meno, chumba kimoja chenye meza ya kazi, taa ya spiriti, ndoo ya plasta na rafu zilizojaa vinywa vya plasta vya watu wa mtaa mzima. Mgeni akiingia mle mara ya kwanza hushtuka. Mimi nashtuka nikienda kwenye mikutano, maana naviona vinywa vile vile, safari hii vimeota watu.

Sasa, huyu wifi ni mwimbaji. Si wa kuimba jikoni tu, ingawa na jikoni anaimba. Ni wa kwaya ya mji, ile inayofanya mazoezi katika ukumbi wa shule, na ana sauti ya chini ya kike, nzito, tamu, inayokuingia mpaka ukasahau ulichotumwa dukani. Basi akapatwa na ugonjwa wa ufizi. Meno ya juu yakaanza kucheza, hili leo, lile kesho, mwisho daktari akayatoa yote. Na sauti nayo ikaondoka. Namaanisha aliifungia. Kwaya akaitumia salamu kwamba ana mafua, na mafua yale yakawa hayaishi. Chakula alikula chumbani kwake, mgongo kaupa mlango. Akizungumza nasi aliweka ncha ya mtandio mdomoni. Mume wangu, ambaye dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi utotoni, hakuwahi kumwona bila meno hata siku moja. Aliapa kwamba hatamwona.

Mimi tu ndiye niliyemwona, kwa sababu ni lazima nichukue umbo la ufizi. Hata hapo alitaka nifunge pazia na kuzima taa.

"Wifi," nikamwambia, "hii ni kazi ya macho. Unataka nikupapase kama natafuta kandambili chini ya kitanda?"

"Basi usiniangalie usoni."

Nikamtengenezea meno. Jamani, nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine atakayenisifu: yalikuwa meno mazuri. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeporomoka kwa kukosa kitu cha kuuegemeza, basi nikayapanga meno kwa mbele kidogo na ukuta wa ufizi wa bandia nikaunenepesha, mdomo ukajaa, mikunjo ikapotea. Alitoka karakana anaonekana mdogo kuliko mimi. Hilo sikulifikiria vizuri. Lakini akala nyama, akacheka meno nje, na jioni moja akarudi kwaya, akasimama safu ya nyuma kabisa, ubavuni mwa mlango, ili meno yakimsaliti awe karibu na njia ya kutokea.

Mwalimu wa kwaya tunamwita Robo, si kwa ubaya. Ni kwamba hata uimbe vipi atafumba jicho moja na kusema, "Sauti yako imeshuka robo." Kasomea muziki ng'ambo na ana subira ya ajabu. Siku hiyo Robo akawatangazia kwamba mwaka huu wataimba vipande vya opera, tena ya Kifaransa. Kuna mama mzee ndani ya hadithi hiyo anayeagana na mwanawe kwenye ngazi za nyumba, kijana anakwenda safari asiyojua kama atarudi, na wimbo wa mama huyo unaimbwa na mtu mmoja, peke yake, mbele kabisa. Robo akaipitisha kalamu yake juu ya vichwa vya watu, akaituliza kwa wifi yangu.

"Sauti ya mama huyu ni yako," akasema. "Lakini Kifaransa ni Kifaransa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakusikiliza. Kikikaa mdomoni, ni wako. Kisipokaa, atauchukua binti huyu."

Binti huyu ni msichana wa safu ya pili aliyesoma Kifaransa shuleni. Mpole, hana neno na mtu. Hata kumchukia tulishindwa, na tulijaribu.

Wifi alirudi nyumbani hajiwezi kwa furaha, akanishika mikono yote miwili katikati ya kuosha vyombo, povu likaturukia. Halafu akakaa kwenye kiti, uso ukabadilika. "Mbele, wifi," akasema. "Peke yangu. Watu wote wananitazama mdomo." Nikamwelewa. Alijua, na mimi nilijua, kwamba akishindwa hili hatarudi hata kwenye ile safu ya mlangoni. Atarudi chumbani na mtandio wake, na safari hii sitamtoa.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta wa kumwiga. Wifi hajui Kifaransa hata cha kuombea maji, ila masikio yake ni mitego. Kitu kikiingia hakitoki. Akafungua simu, akatafuta wimbo ule, akachagua mwimbaji aliyesikilizwa na watu wengi kuliko wote. Siku hizo nyumba ilikoma. Cherehani inanguruma, simu inaimba, wifi anafuata huku pini zimo midomoni. Mume wangu, fundi wa majokofu na mtu wa maneno, alikuja jikoni kuninong'oneza kwamba hata paka siku hizi analia Kifaransa.

Alipoujua wimbo wote kwa moyo akaenda kumwimbia Robo. Robo akasikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani.

"Mama, huyu uliyemwiga ni mwimbaji mkubwa, dunia nzima inamjua. Lakini si Mfaransa. Kifaransa amekikuta ukubwani, kama mimi, na kila neno analipitisha tumboni kwanza. Wewe umebeba vyote, na makosa yake yamo. Mimi nisingependa uniige hata mimi. Katafute waliozaliwa nacho, wamwage maneno nawe uyaokote."

Kumbe hapo ndipo penye kazi! Mimi nilidhani opera ya Kifaransa inaimbwa na Wafaransa, kama mikate inavyochomwa na wachoma mikate. Ala! Inaimbwa na kila mtu. Watu wa kaskazini, watu wa kusini, watu wa visiwani, kila taifa limo, ila wenyewe kuwapata ni kwa tochi. Tukampata mmoja mwenye jina la Kifaransa mwanzo mpaka mwisho, jina lenye vistari juu ya herufi, tukashangilia. Baadaye wifi akasoma habari zake, kumbe kazaliwa ng'ambo ya bahari na ukoo wake uliacha kukisema tangu enzi za babu. Tukampata mwingine, Mfaransa kweli, lakini vinanda vilimfunika, unasikia dhoruba tu na mtu anaomba msaada ndani yake. Tukapata Mfaransa safi, maneno yametakata, ila mwanamume, tena wa sauti ya chini ya kisima. Wifi hakujali. Akamwiga yeye. Asubuhi moja mume wangu akatoka bafuni na taulo, kakunja uso: "Kuna mwanamume gani humu ndani?"

Tatizo likawa si masikio. Robo alimwambia jambo jingine safari ya pili. Alisema kuna sauti moja ya Kifaransa ambayo ulimi unasema *i* lakini midomo inakwenda mbele, kama unapuliza chai ya moto. Ulimi wa wifi ulikuwa tayari, midomo haikwenda. Inafika nusu inarudi. Na kila mara inaporudi, neno linaharibika.

Akaja nyumbani moja kwa moja mpaka kwangu. "Ni meno yako."

"Meno yangu yamefanya nini?"

"Yamenizuia. Mdomo wa juu umejaa kama mto wa kochi. Hauna pa kwenda."

Damu ikanichemka. Meno yangu! Niliyoyapanga moja moja, niliyoyang'arisha mpaka vidole vikafa ganzi, yaliyomtoa chumbani! Nikamwambia kama midomo yake haiendi mbele ni kwa sababu imezoea kuuma pini, na akamtafute fundi mwingine, tena Mfaransa, maana sisi wengine tumezaliwa hapa. Akasema atafanya hivyo. Nikasema afanye. Baada ya hapo hatukusemezana. Mezani akitaka chumvi anamwambia kaka yake, kaka yake ananiambia mimi, chumvi iko katikati yetu inatutazama. Mume wangu aliyafurahia sana majukumu hayo mwanzoni, halafu akachoka.

"Jumamosi inakuja," akaniambia siku moja nikiwa nakunja nguo. Hakutania. "Dada haimbi tena. Umesikia leo cherehani tu?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeisikia ile cherehani tangu asubuhi, na nilikuwa najitia hamnazo. Nikaacha nguo, nikaenda chumba cha mbele, nikakaa juu ya marobota ya kitambaa bila kukaribishwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Roho iliniuma, wacheni.

"Lete simu," nikasema.

"Ya nini?"

"Tutawatafuta upya. Wewe umechagua kwa masikio. Sasa mimi nachagua kwa macho. Zima sauti."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na homa. "Utachagua mwimbaji kwa kuzima sauti?"

"Zima, wifi. Ukisikia sauti unapendezwa, ukipendezwa huoni. Mimi nataka kuona mdomo unafanya nini."

Tukakaa bega kwa bega, tunatazama watu wanaimba kimya. Ni kichekesho kikubwa: watu wamevaa mavazi ya kifalme, wanapanua vinywa, hakuna kinachotoka. Mwanzoni wifi alibana kicheko. Lakini mimi niliviona vinywa. Wale wakubwa wa kigeni walifungua mataya, taya inashuka, kila neno kisima. Wachache, wachache sana, taya ilitulia na midomo ndiyo ilifanya kazi yote, inakwenda mbele, inarudi, inakwenda mbele, haina haraka, kama vidole vya mtu anayehesabu shanga. Kila nilipomgusa mmoja wa hao kwa kidole na kusema "huyu", wifi alisoma habari zake. Na kila mara alikuwa wa kwao. Akaanza kunitazama kwa heshima fulani, akajitahidi isionekane.

Ndipo akatokea bibi mmoja. Picha ya zamani, haina rangi, chumba cha redio, kipaza sauti kikubwa kama birika. Bibi kakonda, nywele nyeupe, gauni jeusi lenye ukosi wa lesi uliofika kidevuni. Alisimama tu, mikono kaikunja tumboni. Na kabla hajaanza kuimba akafanya kitu kidogo: alimeza mate, akafunga midomo, na ulimi ukabana juu.

Nikaruka. Marobota yakaanguka.

"Rudisha! Rudisha hapo mwanzo!"

"Kuna nini?"

"Umeona alivyobana kaakaa kwa ulimi? Wewe unafanya hivyo hivyo kila asubuhi. Anakaza sahani, ile inayobeba meno. Mtazame meno yale, yamelingana mno, hakuna aliyezaliwa na meno hayo. Wifi, huyu bibi ana meno ya bandia! Ya juu yote! Kama wewe!"

Wifi akainamia simu. Akarudisha. Bibi akameza mate, akabana ulimi. Akarudisha tena. Halafu akawasha sauti, na nawaambieni, nisiyejua muziki, yale maneno yalitoka yameoshwa na kuanikwa, ungeweza kuyaokota sakafuni moja moja. Sauti yake ilikuwa ya kizee, ya kutetemeka kidogo, lakini maneno! Wifi aliweka mkono kwenye kioo cha simu, taratibu, akalia. Alilia kwa sauti, kwikwi, kama mtu aliyepokewa mzigo aliotembea nao mbali. Mimi nikamshika mabega, na nikalia pia, kwa sababu mimi kulia ni mwepesi.

Tulimwita Bibi Ukosi. Alikuwa ameimba mengi, na katika mengi hayo ulikuwamo wimbo wa mama kwenye ngazi. Wifi alimchukua mzima. Mimi nilimchukua mdomo.

Maana wivu wa kazi ulinishika, siwafichi. Kulikuwa na fundi mwenzangu, mahali fulani, zamani, aliyemtengenezea bibi yule meno, na alikuwa amefanya kazi ya kunifundisha mimi. Nilisimamisha picha, nikaivuta kwa vidole, nikainama mpaka pua ikagusa kioo. Meno ya mbele aliyaweka nyuma kidogo kuliko yangu, na ukuta wa ufizi aliufanya mwembamba, mdomo ukawa mtupu, umeporomoka kidogo hata, wa kizee. Hakumpa ujana. Alimpa nafasi. Meno yangu hayakuwa na kosa, na atakayesema yalikuwa na kosa atanikuta. Yalikuwa meno ya kula nyama na kutabasamu. Yale ya bibi yalikuwa ya kuimba.

"Nitakutengenezea mengine," nikamwambia wifi. "Haya utakuwa nayo kwa sokoni. Mengine yatakuwa ya Kifaransa. Ila nakuonya, hutakuwa mzuri."

"Nani kakwambia nataka uzuri? Anza."

Meno ya bandia kwanza hupangwa kwenye nta, mgonjwa anayavaa hivyo hivyo, anasema maneno, fundi anasikiliza na kusogeza jino kwa unywele mmoja. Wagonjwa wangu huwa nawaambia wahesabu au wataje siku za wiki. Wifi alivaa nta akaimba Kifaransa. Bibi Ukosi yuko juu ya ndoo ya plasta, anaimba kutoka kwenye simu, wifi anafuata, mimi nimesimama na kisu cha nta na taa ya spiriti, nasikiliza. "Toa," nasema. Anatoa, anageuka ukutani, anafunika mdomo kwa mtandio. Nasogeza. "Vaa." Anavaa, anaimba. Nta ikipata joto la kinywa inalegea, inabidi anywe maji baridi kila ubeti, na daktari wetu mlango wa pili alituma mtu kuuliza kama kuna mgonjwa anayeteseka. Hata mimi, niliyempima, niliyemjua ufizi wake kuliko ninavyoujua mkono wangu, alinigeuzia mgongo kila alipotoa meno. Sikumsema. Mengine nilimwachia.

Siku meno yalipotoka kwenye kalibu, mapya, magumu, yamesuguliwa, akayavaa, akabana ulimi, midomo ikaenda mbele. Ikaenda yote. Ile sauti ya kupuliza chai ikatoka nyembamba, safi, na macho yakamtoka pima. Aliisema na kuisema. Aliisema njiani kurudi nyumbani, watu wakadhani anaita mbuzi. Kwa Kiswahili, ukweli lazima niuseme, alikuwa anateleza kidogo na meno hayo, na mume wangu akamwambia sasa amekuwa mgeni kabisa, lini anaomba kibali cha kuishi. Akampiga kwa futi.

Jumamosi ikafika. Aliniomba nimsindikize na kwa mara ya kwanza aliomba kwa sauti ya chini, bila kejeli. Nikabeba mkoba wenye tupa yangu ndogo na msasa, kwa sababu meno mapya hayaaminiki, yanahitaji kuzoeana na mwenyewe. Mume wangu alitupeleka, akasema atakaa nje kwenye gari, akaingia ndani.

Ukumbi wa shule ulikuwa na madirisha marefu na harufu ya chaki. Kwaya nzima imekaa kwenye mabenchi. Robo kwenye piano. Binti wa safu ya pili ameshika nota zake kwa adabu, naye roho juu. Mimi na mume wangu tulikaa benchi la pembeni. Wifi akatembea mpaka mbele, akasimama, mikono akaikunja tumboni vile vile kama Bibi Ukosi.

Akaimba.

Nilikuwa nimekusudia kutazama midomo tu, kazi yangu, lakini nikajikuta namsahau fundi ndani yangu. Mama yule alikuwa pale kwenye ngazi. Mwanawe alikuwa anashuka. Hatukujua neno hata moja na tulijua yote. Robo alikuwa amefumba macho yote mawili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mume wangu alinishika goti akalikamua. Nikasema moyoni, amepata, amepata, hakuna wa kumnyang'anya.

Na hapo, katikati, akanyamaza.

Piano ikaendelea kidogo, ikasimama. Nikadhani sahani imelegea, nikadhani amesahau, nikamwona tayari anakimbilia mlangoni na mtandio mdomoni.

"Inapuliza," akasema.

Robo akafungua macho. "Nini, Mama?"

"Kwenye lile neno lao la 'polepole', anapomwambia mwanawe ashuke polepole. Pale katikati. Meno yanapuliza, kama firimbi."

"Mimi sikusikia kosa lolote," Robo akasema. Na kweli, hakuna aliyesikia. Watu walitazamana. Binti wa safu ya pili akatikisa kichwa, hakusikia pia. "Mama, ni vizuri. Ni vizuri sana. Endelea tu."

"Bibi hapulizi hapo," wifi akasema.

Na akaingiza vidole viwili kinywani, mbele ya kwaya nzima, mbele ya Robo, kwenye mwanga wote wa yale madirisha marefu, akatoa meno. Hakugeuka ukutani. Hakutafuta mtandio. Mdomo ukaporomoka, uso ukawa uso wake ule ambao aliuficha muda wote, na akatembea mpaka kwenye benchi letu, akaninyooshea mkono.

"Wifi, punguza hapa, nyuma ya haya mawili ya mbele. Kidogo thana, uthiniharibie." Bila meno *s* zilimponyoka, na hakujali.

Nikachukua tupa. Machozi yalinidondokea juu ya kazi na nikayafuta kwa kiwiko na kuendelea, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya kichwa changu anasimamia. "Hapo. Zaidi kidogo. Bathi, bathi." Nikapitisha msasa. Kwenye kwaya mtu akakohoa, mtu akaanza kumuuliza wifi hilo neno linasemwaje hasa, naye akawaeleza, ufizi nje, anaonyesha kwa vidole ulimi unakaa wapi, na binti wa safu ya pili kasogea karibu anamwangalia mdomo apate kujifunza.

Mume wangu alikuwa amesimama. Hakuwa na utani hata mmoja. Alikuwa anamtazama dada yake kama mtoto aliyepotea sokoni anavyomtazama aliyemwona.

"Nawe unashangaa nini?" wifi akamwambia. "Kalete maji ya kuthuuzia. Kimbia, watu wanangoja."

Akakimbia, mtu mzima na kitambi chake. Maji yakaja. Wifi akasuuza meno, akayavaa, akabana ulimi, akarudi mbele, na hakuanzia alipoishia. Alimwambia Robo waanze mwanzo kabisa. Lile neno la polepole lilipofika lilipita laini, halina firimbi, halina kitu. Nafasi akapewa pale pale, Robo hata hakungoja aketi. Mimi na kaka yake tulikuwa tunalia kwenye benchi moja, hatujiwezi, tunagombania kitambaa kimoja, na yeye hakutuangalia hata kidogo. Alikuwa anamuuliza Robo ubeti wa pili.